Mwembe wangu unatoa majani tu, maua hakuna, shida nini?

mzee_wa_kivuli
Wakuu habari zenu. Nina mwembe nyuma ya nyumba, mti mkubwa tu, ukiutazama una afya, majani yanang'aa. Mwaka juzi ulizaa mpaka matawi yakainama, tukala tukagawa na mengine yakaozea chini. Mwaka jana ukachanua upande mmoja tu, nayo maua yakakauka yakawa meusi ata embe hazijashika. Sasa huu mwaka kipupwe kimeisha, badala ya maua naona yanachomoza yale majani machanga mekundumekundu kila mahali. Maji unapata kila jioni, samadi naweka na urea kidogo. Jirani anasema nikate, mwingine anasema nipigilie misumari kwenye shina eti mti utashtuka uzae. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijachukua shoka

Mkulima Mdogo
Shoka weka chini kwanza mkuu. Miembe mingi ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja halafu unaofuata inapumzika, ule mzigo wa mwaka juzi ulimaliza akiba yote ya mti. Ila na wewe unauchochea. Maua ya mwembe yanatoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, tawi linalochipua leo litakaa miezi kadhaa ndo liweze kuchanua, na ili lichanue mti unataka ubaridi wa usiku au ukame kidogo. Sa wewe kila jioni maji, juu yake urea, utaacha kuchipua majani kwanini? Mti mkubwa ivo, miezi miwili kabla ya msimu wa maua acha kabisa kumwagilia, rudisha maji ukishaona vijiembe vimefika saizi ya punje ya njegere. Urea achana nayo, samadi weka ukimaliza kuvuna.

Na misumari usipige jamani, unafungulia wadudu na kuoza mlango.

Binti Shamba
Maua kuwa meusi ni kitu kingine, hiyo inafanana na chule, ni ukungu, unapenda mvua au umande unaolala kwenye maua. Ungeona unga mweupe kama umepakwa majivu hapo ni ubwiriunga. Dawa za shaba zinasaidia kwenye chule, salfa kwa ubwiriunga, ila unapiga mapema maua yakiwa bado hayajafunguka, yakishafunguka nzi na nyuki wako kazini (ndio, nzi, mwembe unachavushwa sana na nzi hawa hawa tunaowafukuza). Ila mi dawa naiweka mwisho, kwanza punguza matawi ya katikati jua na upepo vipite

mzee_wa_kivuli
Asanteni sana. Kwahiyo matawi nipunguze sasa hivi?

Binti Shamba
Yaliyokauka na yanayosuguana toa hata leo. Kupunguza kwa nguvu ndo subiri, kawaida ni mara tu baada ya kuvuna ili machipukizi yapate muda wa kukomaa kabla ya msimu mwingine. Ukikata ncha zimeshakomaa karibu na kuchanua unakuwa umeondoa maua yenyewe. Na uvae mikono mirefu, ule utomvu unaunguza ngozi

juma_kokwa
Niongezee hapo, msimu ukija usipanik maua yakipukutika. Kichala kimoja kina maua mamia mpaka maelfu na mengi ni ya kiume, kikibakisha embe moja mbili umepata. Halafu izo zinazoozea chini usiziache, ndo nzi wa matunda wanazaliana humo, okota zote tia kwenye mfuko wa plastiki funga kabisa uanike juani mpaka funza wafe. Kufukia juujuu hakusaidii, wanatoka

Mkulima Mdogo
Afu angalia na upande wa kivulini, kama kuna matawi hayajachipua yanaweza yakatoa maua kidogo bado huu msimu, kwahiyo maji kata kuanzia leo