MJADALA: Hivi mionzi tunaiogopa kupita kiasi au sheria ndo zinatutisha?

Wakuu tujadili hili bila matusi. Ukienda kupigwa eksirei ya kifua, yule mtaalamu anakupanga vizuri, anakwambia vuta pumzi ibane, halafu huyoo anakimbilia nyuma ya ukuta wa madini ya risasi unaozuia mionzi, wewe umebaki na mashine. Hofu inaanzia hapo. Kumbe wewe unapiga moja, dozi yenyewe haifiki hata ile unayoipata bure kwenye ardhi na hewa kwa mwezi, ila yeye yuko hapo kila siku mwaka mzima.

Sasa ukomo wa raia ni milisiveti 1 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka, ukitoa ya asili na ya hospitali. Hiyo ya asili wastani wa dunia ni kama 2.4! Kwa hiyo 1 ni breki ya mwenye mtambo wa mionzi asizembee, sio mstari wa kufa, lakini wakitangaza "imevuka kiwango" watu wanasikia sumu. Fukushima, Japani 2011, mtambo wa nyuklia ulipoharibika, wazee na wagonjwa walihamishwa mbio mbio, vifo vilivyohusishwa na kuhama na maisha ya makambini vikapita 2,000, wakati kifo cha kwanza cha mionzi serikali ya Japani ilikuja kukikubali 2018, cha mfanyakazi wa mtambo. Mi nasema kiwango cha mionzi cha kuhamisha watu kipandishwe.

---

Mleta mada unarahisisha sana. Chernobyl 1986, mtambo wa nyuklia ulipolipuka kule Ukraine, ng'ombe walikula nyasi zenye iodini ya mionzi, watoto wakanywa maziwa, wazazi hawajaambiwa kitu, baadae saratani za tezi ya shingo zikahesabiwa kwa maelfu. Na ile iodini inapungua nusu kila siku 8, yaani wangezuia maziwa miezi miwili mitatu tu!! Hapo hofu ingeokoa watu. Mtu aliyefichwa ukweli mara moja unamwambiaje leo atulie kwa sababu namba ni ndogo?

---

Naongezea ya Goiânia, Brazil 1987. Mashine ya tiba ya saratani imetelekezwa, watu wakaibomoa wauze chuma, ndani wakakuta unga unaong'aa bluu gizani, wakagawiana ndugu na majirani, katoto ka miaka 6 kakala chakula na mikono ina unga. Wakafa 4. Habari ilipotoka zaidi ya laki moja wakapanga foleni kupimwa, waliokutwa na mionzi ya huo unga ni 249. Mji mmoja huo huo, kwanza hawakuogopa kabisa, halafu wakaogopa wote.

---

Mleta mada hapa. La maziwa nakubali, nilijikita kwenye kuhamisha watu tu, kuzuia chakula hakumuui mzee kitandani. Ila nijibuni hili: mgonjwa hana ukomo wowote kisheria, ni daktari ndo anapima faida na hasara, sitiskani (CT scan, picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) moja ya tumbo inaweza kufika milisiveti 10, na kuna watu wanaiomba wenyewe hata daktari hajaona sababu. Mbona huko sijawahi kuona mtu kaandamana?