Visu vya jikoni Unguja mjini: fundi wa baiskeli, gereji, au kinoo?

MpishiMjiMkongwe
Assalamu alaykum. Mie napika kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe na visu vyetu vimekufa makali, nyanya inapondeka badala ya kukatika. Vipo vikubwa viwili vya Kijerumani, kimoja cha Kijapani alichotuachia mgeni, kisu cha kutolea minofu ya samaki, na cha boflo, yaani mkate, chenye meno. Na mbuzi ya nazi nayo haikuni tena, inachubua tu. Namtaka mtu ambaye kunoa ndiyo kazi yake. Nilivyouliza uliza nimetajiwa fundi wa baiskeli anayepita mitaani, vijana wa gereji wenye mashine, wauza samaki Darajani, na kuna aliyesema nivitie kwenye boti vende Dar. Nani kajaribu kipi?

Jodari_Darajani
Wa alaykum salaam. Mie ni muuza samaki. Sisi hatungoji kisu kiwe butu ndiyo tukinoe. Kinoo kinakaa kando ya ndoo; ukishapasua jodari wawili watatu unakimwagia maji, unapitisha upande huu na huu, unaendelea na kazi. Wapo wanaopokea visu vya watu, lakini usije asubuhi, hakuna atakayekutazama. Njoo baada ya adhuhuri watu wakishapungua. Cha minofu lete bila wasiwasi. Hicho cha Kijapani mie sikigusi, visu vyetu ni vya chuma laini na mkono wetu umezoea hivyo.

BiMkubwa_Kikwajuni
Wa baiskeli msimdharau. Wangu anasimamisha baiskeli kwenye stendi, anapanda juu ya tandiko, akipiga pedeli mkanda unazungusha jiwe lililo mbele yake. Kisu cha kukatia mchicha ananipa kinakata karatasi, kwa bei ya soda. Mwangalie jambo moja tu: anachovya kisu kwenye maji kila mara, au anakandamiza mpaka cheche zinaruka? Wa cheche mwambie ahsante, funga mlango.

Taabu yake ni kumpata. Hana siku wala saa. Karibu na sikukuu ya Mfunguo Tatu ndiyo utamsikia kila kichochoro, maana kila nyumba inatoa kisu cha kuchinjia, na tumeamrishwa kukinoa ili mnyama asiteseke. Ukingoja siku ya Arafa, shauri yako, foleni yake si ya kusimama.

Gereji_Mwanakwerekwe
Naona gereji tunasemwa kabla hatujafika. Panga, shoka, jembe, leteni, dakika mbili tu. Mbuzi ya nazi pia ni yetu, na hapo hatutumii mashine kabisa: tunaibana, tunapiga tupa ya pembe tatu baina ya jino na jino. Mashine ingekula meno yote.

MpishiMjiMkongwe
Na visu vyembamba? Mwenzangu wa hoteli nyengine alipeleka kisu chake gereji moja (si yako inshallah), kikarudi kina rangi ya buluu kwenye ncha. Wiki haikwisha, butu tena.

Seremala_Chake
Huko ni kuungua. Mie nachonga milango huku Pemba, patasi na kisu cha jikoni shida yao moja. Chuma kikipita nyuzi joto 200 hivi kinaanza kulainika, na buluu inatokea karibu na 300. Pale penye buluu ugumu umetoka na haurudi kwa kunoa. Itabidi uile sehemu hiyo yote mpaka ufike kwenye chuma kizima. Jiwe la baiskeli linazunguka polepole, ndiyo maana halina madhara hayo mtu akitia maji. Grenda, ile mashine ya gereji, haimsamehe mwenye haraka.

Kwa visu vyako, nunua mawe ya kunolea; namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi. Namba 1000 ndilo la kazi za kila siku. La 400 liwe la kisu kilichovunjika makali, na 3000 ukitaka makali laini ya kukatia samaki mbichi. Vya Kijerumani vilaze juu ya jiwe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Vya Kijapani chuma chake ni kigumu zaidi na pembe ni ndogo, 10 hadi 15, na vingine vimenolewa upande mmoja tu, kwa hiyo kitazame vizuri kabla ya kukigusa. Noa upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili, ukitoka mgongoni kwenda ukingoni, uhisi kijinywele cha chuma kimejikunja urefu wote wa kisu. Hapo ndipo ugeuze. Wengi wanageuza mapema, halafu wanasema jiwe bovu.

Jodari_Darajani
Hicho kijinywele sisi tunakitoa kwa kupitisha kisu kwenye kipande cha mkanda wa ngozi. Umesema kweli yakhe.

Msafiri_Bwawani
Dar niliwahi kupeleka. Boti ya mwendo kasi ni saa mbili hivi kwenda, nauli ya kwenda na kurudi, na jikoni unabaki huna kisu. Kwa visu vitano hailipi. Kama kuna mtu anakwenda kwa safari zake, sawa, avifunge vizuri ndani ya kitambaa kinene. Akipanda ndege visiwe kwenye mkoba wa mkononi, vitabaki uwanjani.

BiMkubwa_Kikwajuni
Na vile vidude vya kuvuta vya madukani? Mwanangu kaniletea kimoja.

Seremala_Chake
Bibi, kwa kisu cha mchicha kinatosha. Kinakwangua chuma kingi na kinaacha makali ya mikwaruzo. Kisu cha Kijapani usikitie humo, kinaweza kumeguka. Kuna pia ile fimbo ya chuma wanayopigia visu wapishi: ile hunyoosha ukingo uliolala, hainoi kisu kilichokwisha. Mpishi aipitishe kila siku kabla ya kazi, jiwe litangoja wiki kadhaa.

MpishiMjiMkongwe
Basi nimegawa. Mbuzi inakwenda Mwanakwerekwe kesho. Cha minofu kwa Jodari Jumamosi mchana. Vya Kijerumani na cha Kijapani vinangoja jiwe, nimemwagizia ndugu yangu wa Dar la 1000 na la 3000. Cha boflo je?

Seremala_Chake
Kila bonde la meno linataka fimbo nyembamba ya kunolea, si ile ya kunyooshea, na upande mmoja tu. Kwa kisu cha bei ndogo, nunua kipya. Na hicho cha Kijapani, ukikatia ndimu kioshe na ukikaushe papo hapo. Kama si cha chuma kisichoshika kutu, kwa hewa hii ya chumvi kikilala na unyevu usiku mmoja asubuhi kina madoa.

Gereji_Mwanakwerekwe
Mbuzi njoo nayo kabla ya saa nne. Baada ya hapo tunaanza kuchomea na tupa siioni.