Pengwini wa Antaktika: barafu ikipungua wanakufa, ikizidi wanakufa. Nielewesheni

Mwalimu_Umoja:
Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha sayansi Gredi ya 8 katika shule moja hapa Umoja. Juzi tulikuwa kwenye utando wa chakula, nikachora mfano wa Antaktika ubaoni: mwani, krili, pengwini, sili. Nikaeleza kwamba dunia inapata joto, barafu ya baharini inapungua na pengwini wanapungua nayo. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. Alikuwa amesoma kwenye simu ya mamake kwamba kuna kisiwa ambako makinda wa pengwini karibu wote walikufa njaa mwaka wa 2017 kwa sababu barafu ilikuwa nyingi kupita kiasi. Akauliza, "Mwalimu, sasa barafu ni rafiki yao au ni adui?"

Nimemwahidi jibu Jumatatu. Nimesoma huku na kule na kila ukurasa unasema lake: hapa wanaisha, pale wamegunduliwa malaki kwa malaki. Sitaki kumpa jibu la kumnyamazisha, maana swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa muhula huu. Kama kuna mfano wa hapa kwetu nitashukuru zaidi. Wengi wa watoto hawa hawajawahi kuiona hata bahari ya Mombasa.

Kijana_Kasarani:
Mwalimu, hiyo ya barafu kuzidi isikusumbue. Joto linapanda, barafu inayeyuka, pengwini anakosa pa kukaa. Hayo mengine ni ya kuvutia wasomaji tu.

Mama_Korongo:
Hapana mwanangu, alichosoma huyo msichana ni kweli. Na Mwalimu pia hakukosea ubaoni. Kilichokosekana katikati ni chakula: kiko wapi, na mzazi anatumia muda gani kukifikisha mdomoni mwa kinda.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Petrels, upande wa mashariki wa Antaktika, penye kituo cha utafiti cha Wafaransa. Wanaozaliana pale ni pengwini wa Adélie, wale wadogo wenye duara jeupe machoni. Hutaga mayai mawili mwezi wa Novemba. Makinda wakiangua, baba na mama hupokezana: mmoja analinda, mwingine anakwenda baharini kutafuta chakula. Kawaida kiangazi kikifika barafu hupasuka na maji huwa karibu. Msimu wa 2016 hadi 2017 barafu iligoma kuondoka. Wazazi wakalazimika kwenda mbali zaidi, kama kilomita mia moja za ziada, na waliporudi walikuta njaa imeshamaliza kazi. Kati ya jozi zipatazo 18,000 walisalia makinda wawili tu. Wawili, Mwalimu, kisiwa kizima. Miaka mitatu kabla ya hapo hakusalia hata mmoja, na mwaka huo mvua ilichangia, kwa sababu manyoya laini ya kinda hayazuii maji. Akilowa, baridi inamuua.

Sasa mpeleke huyo msichana upande wa pili wa bara, Halley Bay, kwa pengwini kaisari, wale wakubwa kuliko wote. Hawa huzaliana juu ya barafu ya bahari yenyewe iliyoshikana na pwani. Jike hutaga yai moja, dume huliatamia juu ya miguu yake katikati ya kipindi cha giza la baridi, bila kula kwa karibu miezi minne. Barafu ile lazima ikae imara mpaka Desemba, kinda apate manyoya ya kuogelea. Mwaka wa 2016 ilivunjika mapema, na 2017, na 2018 tena. Makinda wa jamii iliyokuwa ya pili kwa ukubwa duniani walipotea miaka mitatu mfululizo. Wataalamu wa Uingereza walilifahamu hilo kwa picha za setilaiti, kwa kuangalia madoa ya kinyesi kwenye barafu. Mwaka wa 2022, kwenye Bahari ya Bellingshausen, makao manne kati ya matano yalipoteza makinda vivyo hivyo.

Kwa hiyo mwambie kwamba kaisari anaihitaji barafu miezi yote ya kulea, na Adélie anaihitaji wakati wa baridi lakini impishe njia wakati wa kulisha. Suala ni majira na mahali.

Halafu rudi kwenye krili wako, maana hapo ndipo penye uzito. Ni kiumbe anayefanana na uduvi, hafiki urefu wa kidole, na makundi yake ni makubwa ajabu. Krili wachanga hupita kipindi cha baridi chini ya barafu wakila mwani ulioota upande wa chini wa barafu hiyo. Barafu ikichelewa kuganda au ikiwahi kuondoka, wachanga hao hukosa chakula, na pengwini huja kulipa deni hilo baadaye. Rasi ya Antaktika, ule mkono unaoelekea Amerika Kusini, ilipata joto la karibu digrii 3 katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Karibu na kituo cha Palmer cha Marekani kulikuwa na jozi zipatazo 15,000 za Adélie katikati ya miaka ya 1970. Zaidi ya asilimia 80 wametoweka.

Miaka ya 1990 wengi walidhani mambo ni rahisi: ndege wapenda barafu watapungua, wasioipenda wataongezeka. Pengwini mwenye ukanda mweusi kidevuni haipendi barafu, basi yeye angenawiri. Hakunawiri. Kisiwa cha Elephant kilikuwa na jozi 122,550 za ndege huyo mwaka wa 1971; walipohesabiwa tena 2020 zilikuwa 52,786. Ndiyo maana mwaka wa 2011 kundi la watafiti lilisema wazi kwamba krili ndio wanaowaunganisha hao wawili, Adélie na huyo mwenye ukanda. Binafsi naona hoja hiyo ina nguvu zaidi, hasa ukimtazama gentoo, pengwini wa aina nyingine wa rasi hiyo. Yeye anaongezeka, na ndiye anayekula samaki pia, anayevua karibu na pwani, anayeweza kubadilisha tarehe ya kutaga msimu ukiwa mbaya.

Mfano wa nyumbani unao, na wengine wameuona kwenye safari za shule. Kila Januari najitolea kuhesabu ndege wa majini, mara Nakuru, mara kwenye mabwawa ya majitaka ya Dandora. Flamingo mdogo wa Nakuru hula mwani wa maji ya magadi. Ziwa lilipofurika kuanzia miaka ya 2010, magadi yalipungua makali, mwani ukapungua na flamingo wakatawanyika. Maji yalikuwa mengi kuliko zamani na bado ndege walikosa chakula. Watoto wakielewa hilo, Petrels haitawashangaza. Nimesimama ukingo ule na darubini, ukimya mahali palipokuwa na kelele, na niliumia.

Samaki_Gikomba:
Mama, mimi nauza omena na sangara, kwa hiyo nauliza la biashara. Hao krili wanavuliwa?

Mama_Korongo:
Wanavuliwa, ndugu yangu, na meli kubwa sana, za Norway zikiongoza na China ikifuata. Wengi huwa chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta ya omega-3. Kuna kamisheni ya kimataifa yenye makao Hobart, Australia, CCAMLR, iliyoweka kikomo cha tani 620,000 kwa mwaka katika sehemu ya Atlantiki ya bahari inayoizunguka Antaktika. Krili waliopo huko wanakadiriwa kuwa makumi ya mamilioni ya tani, hivyo wenye meli husema wanachota asilimia 1 tu.

Hesabu hiyo siikubali. Pengwini mwenye makinda hawezi kwenda kula popote kwenye bahari yote. Anakula pale anapoweza kwenda na kurudi. Meli nazo hufuata makundi hayohayo yaliyo karibu na pwani. Zamani kulikuwa na mgao uliolazimisha meli zisivue kikomo chote sehemu moja. Mgao huo uliisha 2024 bila nchi kukubaliana juu ya mwingine, na 2025 kikomo kikafikiwa kabla ya msimu kwisha, kwa mara ya kwanza, uvuvi ukafungwa Agosti. Hili linanikera kuliko joto lenyewe, kwa sababu mgao ni kalamu na karatasi, unaweza kurudishwa katika mkutano mmoja.

Tena nyangumi wanarudi baada ya kuwindwa miaka mingi, ingawa si aina zote zilizopona, na wanakula krili haohao. Hilo ni jema, lakini sahani ni ile ile.

Mwalimu_Umoja:
Mama Korongo, asante sana, nimenakili yote. Ila namjua msichana huyu, atauliza: mbona wasihame? Na wale malaki waliogunduliwa je?

Mama_Korongo:
Malaki hao wako Visiwa vya Danger, upande wa pili wa rasi hiyohiyo, unaotazama Bahari ya Weddell. Mwaka wa 2018 ilitangazwa kwamba kuna jozi 751,527 za Adélie pale. Hawakuhamia, walikuwapo, ila barafu iliwazuia watu kufika kuwahesabu. Upande ule una baridi zaidi na barafu bado ipo.

Kuhama, wengine huhama. Baada ya Halley Bay kuharibika, makao ya Dawson-Lambton, kama kilomita 55 kusini, yaliongezeka sana, kwa hiyo baadhi ya makaisari walipata mahali pengine. Lakini si wote waliohesabiwa pale. Adélie ni mgumu zaidi: hurudi kwenye mawe yaleyale aliyozaliwa, hata kama theluji imefunika kiota na maji yake yanaozesha mayai. Mpe huyo msichana ramani, amweke gentoo, Adélie na kaisari kila mmoja mahali pake, kisha umuulize nani ana pa kwenda.