Kompyuta yangu, umeme wangu, bando langu, halafu apdeti inajiamulia yenyewe??

Wakuu habari za usiku. Nina hasira na sitazificha. Nina steshenari ndogo karibu na chuo hapa Morogoro, kompyuta mbili na printa mbili, ndo zinazolisha familia yangu. Wiki hii wanafunzi wanakusanya ripoti za field, na kila mwenye steshenari anajua maana yake, hii ndo wiki ya kutafuta kodi ya fremu.

Jumatano nimefungua saa 12 na nusu asubuhi kama kawaida maana wanafunzi wanawahi kabla ya vipindi. Wa kwanza dada mmoja, ripoti kurasa 64, nakala tatu na kubaindi, mwisho wa kukusanya saa 4. Nikachomeka flashi, nikafungua faili, printa ikaanza, kurasa ya 11 imetoka tu, skrini ikawa ya bluu na kale kaduara kanazunguka: inafanyia kazi apdeti, asilimia 3, usizime kompyuta yako. Sijabonyeza kitu! Jana yake ilileta kiboksi nikabonyeza baadaye, na baadaye kwangu mimi ni usiku nikishafunga duka. Kumbe kule ndani kuna sehemu ya saa za kazi, wameiweka saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, yaani wao ndo wameamua saa 12 na nusu mimi nimelala. Hakuna aliyeniuliza.

Nikasubiri. Asilimia 20, 34, ikaganda 67 kama robo saa hivi, nyuma yangu foleni imefika barabarani, halafu umeme ukakatika. Uliporudi ile kompyuta haikuendelea wala haikufunguka, ikaandika inarudisha mabadiliko, ikakaa hapo mpaka saa 3 kasoro. Yule dada alishachomoa flashi yake kitambo akakimbilia kwa jirani, na wale wa foleni wakamfuata. Zile kurasa 11 bado ziko mezani kwangu.

Na msidhani iliishia hapo. Usiku ikashusha upya ile ile iliyofeli, kwa hotspoti ya simu yangu, kwenye bando la elfu kumi nililonunua kwa ajili ya wateja wanaokuja kujaza fomu mtandaoni. Kushusha zaidi ya GB 3 ya kitu ambacho hakijaombwa! Ikaingia, asubuhi nawasha, printa kubwa inawasha taa ya njano haitoi kitu. Naangalia kioo chake kidogo: weka karatasi ya Letter. Letter ni saizi ya Marekani, milimita 216 kwa 279, sisi tunatumia A4 ambayo ni 210 kwa 297, niambieni ni duka gani hapa mjini linauza rimu ya Letter? Apdeti imefuta setingi zangu zote za printa na kuniwekea za kwao, kuprinti pande mbili nako kumezimwa. Hii ni mara ya nne kwa mwaka huu narudisha hiyo A4, kwenye printa, kwenye draiva (programu inayoiunganisha printa na kompyuta), na kwenye programu ya kuandikia.

Halafu kuna lile tatizo la foleni ya kuprinti, wenzangu mnalijua vizuri. Hati moja inakwama, unaifuta, inaandika inafutwa, inafutwa, inafutwa mpaka jioni, na zote za nyuma yake haziendi. Dawa yake naijua kwa kichwa: simamisha huduma ya kuprinti, ingia kwenye folda lake futa kilichomo, washa huduma tena. Nafanya hivyo tangu nimeanza hii kazi miaka kumi iliyopita, matoleo yamebadilika, vitufe vimehamishwa toka kushoto kwenda katikati, wameongeza habari za hali ya hewa na matangazo ya michezo, lakini hati iliyokwama haifutiki mpaka kesho. Hilo ndo linaniuma kuliko yote, wana muda wa kunibadilishia rangi ila kasoro ya miaka kumi hawaigusi.

Mfumo wangu ni Windows, ila tatizo hili si la kampuni moja tu. Mwaka 2016 watu walibonyeza ile X ya kufunga dirisha, Windows ikahesabu wamekubali kuhamia Windows 10. Oktoba 2018 likatoka toleo lililofuta mafaili ya baadhi ya watu, wakalisimamisha baada ya siku chache. Machi 2021 apdeti ya usalama ikawa inaangusha kompyuta mtu akiprinti tu, kwa printa kadhaa zikiwemo Kyocera ambazo zimejaa maofisini. Na wenye Mac msicheke, Novemba 2020 apdeti ya macOS Big Sur iliacha MacBook Pro za inchi 13 za mwishoni mwa 2013 na za 2014 na skrini nyeusi. Sasa mtu anaposema apdeti zinapimwa vizuri kabla hazijatoka nashindwa kumwelewa, maana anayepima ni mimi na wateja wangu.

Najua kuna watakaokuja na usalama. Naukubali usalama. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za hospitali Uingereza, kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba lile tundu, kilikuwa kimetoka tangu Machi, wengi waliopigwa walikuwa hawajakiweka. Kiraka cha namna hiyo nileteeni hata leo, niulizeni saa tu. Ninachokataa ni kunifungia kiraka cha usalama kwenye kifurushi kimoja na mapambo, matangazo na draiva ambayo sikuiomba, halafu nikikataa kimoja nimekataa vyote. Vitenganisheni! Na kitufe cha kuzima kiwe cha kuzima kweli, sio kuahirisha wiki tano halafu inaingia kwa nguvu.

Na wa Linux, ule mfumo mwingine wa kompyuta, nawaheshimu, nilijaribu mwezi mzima, ila mteja analeta faili lake la Word majedwali yanahama na fonti zinabadilika, ripoti iliyokuwa kurasa 64 inatoka 67, hilo mwalimu wake halipokei. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ninayo moja, iko kwenye kompyuta ya pili. Na kununua mashine mpya msiniambie, hizi zangu ni used toka Dubai, prosesa kizazi cha nne, ziko imara kabisa ila Windows 11 haizitambui sababu hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Yaani mashine nzima inayofanya kazi niitupe?

Nachoomba kwenu ni kimoja. Aliyefanikiwa kuifungia A4 isibadilike baada ya apdeti aniandikie hapa hatua kwa hatua, na kama unatumia hotspoti ya simu useme umeizuiaje kushusha. Saa za kazi nimeshabadilisha zianze saa 11 alfajiri. Niko macho, kesho nafungua saa 12 na nusu na nina ripoti 9 za watu mezani.