Mrejesho: yule beki wa goti bovu

Wadau, niliuliza hapa: nina miaka 31, goti limepasuliwa mara mbili, klabu haikuniongezea mkataba, nikiacha mpira nitakuwa nani? Aliyenishauri nikauze mitumba soko la Kongowea hapa Mombasa, asante, nilicheka.

Basi nimetundika daluga. Asubuhi ya kwanza nilivuka feri ya Likoni bila begi la mazoezi, mkono ukakosa pa kukaa. Makanga wa matatu akaniita "Beki!" kama kawaida, nikaona haya kuitika. Mtaa mzima hauna jina langu jingine, hata shemeji zangu.

Aliyenitajia McDonald Mariga, yule kiungo wa zamani wa Harambee Stars, ndiye alinishika. Jamaa alibeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Inter 2010, akagombea ubunge Kibra 2019 akashindwa, na Desemba 2024 akachaguliwa naibu rais wa FKF, shirikisho la soka la Kenya. Mimi si Mariga (wala sitaki siasa), lakini nilipumua.

Sasa nafundisha watoto mchangani jioni, huku nikitafuta leseni ya ukocha ya CAF D, ya ngazi ya chini. Juzi mmoja kaniuliza, "Kochi, kwani waitwa nani?" Nikamtajia jina alilonipa marehemu babu. Akasema ni refu mno, ataniita Kochi tu.