"Usiku wa runinga nyeusi na nyeupe" ndiyo takataka tuliyoletewa Jumamosi?

Wakuu, nimekereka, nisipoandika nitapasuka. Kuna chaneli ya kulipia (siitaji, wenyewe wanajijua) iliyotupigia kelele wiki nzima kwamba Jumamosi ni jioni kamili ya vipindi vya enzi za nyeusi na nyeupe, "kama ilivyokuwa". Ilivyokuwa wapi?

Wamechukua vichekesho vya Lucille Ball, vile vilivyoanza kurushwa Marekani 1951, wakavipitisha kwenye kompyuta vipakwe rangi. Watu wametoka na nyuso kama karoti! Mtu akinyanyua mkono, vidole vinageuka kijani cha ukutani, akiushusha vinarudi. Na hapa ndipo hasira zangu zilipo: Karl Freund, mkuu wa kamera wa kipindi kile, alihakikisha seti inapakwa vivuli vya kijivu, hadi magazeti ya kushika mkononi yakapuliziwa kijivu, ili picha itulie kwenye kioo. Sasa mnarudisha rangi ipi ambayo hata studioni haikuwepo?

Haikutosha. Picha za zamani ni 4 kwa 3, yaani upana kwa kimo. Hawa wakataka ijae kioo cha 16 kwa 9, wakafyeka juu na chini. Robo nzima ya picha imekwenda, piga hesabu mwenyewe. Kuna mahali jamaa anaficha kitu chini ya meza, watu studioni wanavunjika mbavu, sisi huku tunaangalia vifungo vya shati. Mzaha wenyewe wameukata!

Halafu matangazo ya kamari kila ukikaa sawa. Jioni ya runinga enzi zile ilikuwa na nafasi ya kupumua jamani. BBC miaka ya 1950, kukiwa na pengo, waliweka mikono ya mfinyanzi akizungusha udongo, basi, unatazama udongo. Na mpaka 1957 runinga Uingereza ilifungwa kabisa saa 12 hadi saa 1 jioni ili watoto wakalale. Kama mnasema "kama ilivyokuwa", si mngetuwekea hata huyo mfinyanzi?

Vipindi vingi vya wakati ule havipo tena. Vingine vilirushwa mubashara bila kurekodiwa, vingine kanda zake zilifutwa zitumike tena kwa sababu zilikuwa ghali. Hivyo vichache vilivyosalia ndivyo vinachezewa hivi na watu ambao hata hawajavitazama.

Nilipiga huduma kwa wateja. Dada wa watu akaniambia wateja hawapendi mistari myeusi pembeni, ile inayobaki picha ya zamani ikiwekwa nzima. Wateja gani? Mimi ni mteja, nimeulizwa lini? Nikamuuliza kama kuna kitufe cha kurudisha picha nzima, akasema nijaribu kuzima na kuwasha.

Wanarudia kesho saa 2 usiku. Nimeandika barua pepe nataka hela ya kifurushi changu, kimya. Nani mwingine aliona huu uhuni?