Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kuongoza watu kazini hapa L'shi (Lubumbashi, DRC)?

Mwana Katuba (mwanzilishi)
Bandugu, jambo. Hapa kwetu cheo hufuata mkono. Mtu analehemu vizuri kuliko wenzake, keshokutwa kafanywa kapita, yaani msimamizi, ana kundi zima la kulipangia kazi na ndani yake yumo mjomba wake. Chuo kimempa diploma, sosiete (kampuni) imempa kofia ya ushefu, basi, ajue mwenyewe. Sheria namba 17/001 ya Februari 2017 ilisema kazi za ukandarasi mdogo ziende kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani, na tangu hapo wengi wa rika langu wamejaribu kufungua vikampuni vya kuhudumia migodi. Kazi wanaijua. Kuketi na wafanyakazi wao wakaelewana, hapo ndipo pagumu. Naomba visa, nadharia za semina tumeshazichoka. Jambo moja uliloliona likasaidia.

Fundi Umeme
Kapita wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyekulia Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Kwenye kikao cha usalama cha asubuhi hakuanza yeye. Alianza stajeri, yaani anayejifunza kazi, kisha mafundi, yeye mwisho. Nilidhani ni uvivu wa kuongea. Siku moja stajeri mmoja, mgeni kabisa, akasema kwamba jina lililoandikwa kwenye swichi ya pampu halifanani na lile la kwenye mchoro. Mzee akasimamisha kazi, akaenda kuangalia mwenyewe, akaikuta swichi nyingine ndiyo inayopeleka umeme kule. Akaifunga kwa kufuli yake, ufunguo mfukoni, kisha akarudi kumshukuru yule kijana mbele yetu sote. Angetangulia kuongea yeye, nani angethubutu? Sote tungeitikia "ndiyo shefu" na kwenda kushika waya.
Kukaripia alikaripia sana tu, lakini alikuita kando, nyuma ya kontena, na ukirudi hakuna aliyejua mmesemezana nini.

Deklaranti
Mimi niko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nashughulikia karatasi za mizigo forodhani. Malori yanalala foleni, karatasi inakosa muhuri, mfumo unakatika, na mwenye mali yuko mjini anahesabu hasara. Wenzangu wengi huzima simu mambo yakikwama. Mimi huwahi kumpigia kabla hajanitafuta, namwambia lori liko wapi, karatasi gani inangojwa, na saa ngapi nitampigia tena. Nikisema saa tisa, saa tisa napiga, hata kama sina jipya. Kuna mteja alinitukana sana mwanzoni, leo ndiye anayeniletea wateja wengine. Na madereva wa Zambia, jifunzeni Kibemba kidogo cha kuwasalimia. Hayo tu.

Mama Vipuri
Wanangu, ninyi mnaongelea watu wa kampuni. Ongoza ndugu kwanza ndipo uje tuongee.
Nina duka la vipuri kule Kenya. (Ninyi wa mbali, Kenya ni komini yetu hapa mjini, msifikiri nimehama.) Dada yangu aliniletea mwanawe nimpe kazi. Kabla kijana hajagusa droo ya pesa niliita kikao nyumbani: dada, shemeji, kijana, na kaka yetu mkubwa awe shahidi. Tukala bukari (ugali), kisha nikasema mshahara ni kiasi hiki, siku ya kulipwa ni hii, na daftari la pesa linasainiwa kila jioni, na mimi nasaini. Nikichukua pesa ya unga naandika. Shemeji alinuna kidogo, lakini akakubali.
Baadaye hesabu zikaanza kupungua. Nilifunga duka mapema, nikaweka daftari katikati yetu, nikamwambia, "Nieleze wewe." Nikanyamaza. Kunyamaza huko kulinichosha kuliko kubeba mzigo, maana maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Mwishowe akasema. Hakuiba. Kila mekanika wa mtaa akija na hadithi ya shida zake, kijana anampa kipuri kwa deni, kukataa hajui. Ningeanza mimi kwa kelele, angekimbilia kwa mama yake na ukweli nisingeupata.
Nikamtoa kwenye droo, nikampa kazi ya kuwafuata wale wenye deni na kuwatafuta wateja wa gereji. Huko ule upole wake ni mali. Watu wanamlipa ili wasimwone ameona aibu! Droo nimempa binti asiye ndugu yetu, na familia haina la kusema kwa sababu kaka mkubwa alikuwapo siku ya kikao.

Mchimba Mawe
Yote mazuri. Lakini mshahara ukichelewa, shefu mpole na shefu mkali ni wale wale. Nimepelekwa semina ya uongozi hotelini, tumekula vizuri, tumepewa vyeti, na mwezi ule ule hatukulipwa.

Injinia wa Ruashi
Mchimba Mawe una haki, ila hata kwenye kuchelewa kuna namna. Mkurugenzi wetu mmoja alikuja mwenyewe karakana, akataja pesa inangoja wapi na tarehe ya kurudi kutuambia ilipofika. Akarudi tarehe ile, bado mikono mitupu, akasimama akaulizwa maswali hadi yakaisha. Watu walibaki kazini. Kampuni ya jirani walibandika tangazo ukutani, wakagomewa.
La pili, kwa mnaofanya kazi na Wachina: usiulize "mmeelewa?" Kila mtu ataitikia, kuanzia mkalimani. Mwambie mtu akurudishie agizo kwa maneno yake, au achore chini kwa kijiti. Hapo utaona nusu ya kundi ilikuwa imesikia bomba lingine.

Mwana Katuba
Aksanti Mama Vipuri, aksanti wote. Na mtu aliyekuwa shefu wako, kama leo yuko chini yako, mnaishi naye vipi?

Fundi Umeme
Yamenikuta. Namwita Papa kama zamani. Agizo lake nampa kabla wengine hawajafika, na stajeri wote nampelekea yeye awafunze. Karatasi ya saa za ziada naisaini mimi, na yake pia.